Aliyewaambia Nyuki

Funguo ziligonga ukuta mara moja, kle, kisha zikanyamaza.

Kezia Gosling alifumbua macho gizani. Chumba cha mtumishi kilikuwa nyuma ya jiko, na msumari wa kutundikia funguo ulikuwa upande wa pili wa ukuta uleule, usawa wa kichwa chake. Mlio ule aliujua kama alivyojua kikohozi cha mwanawe. Bi Araminta ameamka mapema, akawaza. Baada ya kitambo akasikia sauti nyingine, mbali, kutoka bustanini: ko, ko, ko, kama mtu anabisha hodi mahali pasipo na mlango. Tibby, bintiye wa miaka mitano, alijigeuza na kumsukumia kisigino mbavuni. Kezia akamfunika shuka, akalala tena.

Kulipopambazuka aliingia sebuleni kuwasha moto, na miguu yake ikateleza.

Bi Araminta Fenn alikuwa chali sakafuni, koo limechanwa kutoka sikio hadi sikio, macho yakitazama dari. Damu ilikuwa imejaa kwenye nyufa za mbao. Mtu alikuwa amemzungushia nyota kubwa ya chaki, na katika kila pembe ya nyota palisimama mshumaa mweusi uliokwisha kuyeyuka. Kisu kilichotumika kilikuwa kile cha kukatia mkate, kisu cha Kezia. Chini ya kichwa cha marehemu ilikunjwa aproni ya Kezia, kama mto.

Alipiga yowe. Angejua yowe lile lingemletea nani, angelimeza.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Purkiss, mke wa mhunzi, mwanamke mwenye mikono ya kukandia unga wa kijiji kizima. Alitazama nyota, akatazama kisu, akatazama aproni.

"Nilisema mimi!" alifoka. "Bibi mwenyewe anaita wafu, mtumishi wake atajifunza nini? Kushona vitambaa?"

"Mama Purkiss, nimemkuta hivi, naapa kwa mwanangu."

"Usimtaje mtoto. Huyo mtoto baba yake nani, tukianzia hapo?"

Konstebo Gadd, kijana mwembamba ambaye kofia ya kazi ilimzama hadi masikioni, alimfunga Kezia mikono na kumtia kwenye banda la kuni, kwa usalama wake, akasema. Kisha akapeleka simu ya maandishi mjini, kwa Inspekta Hollick, ambaye polisi walimtuma popote damu ilipokutwa kando ya michoro ya chaki.

Lakini kabla ya inspekta alifika Lucian Fenn, mpwa wa marehemu, na ndiye ndugu pekee aliyebaki. Alishuka kutoka treni ya saa sita mchana, kofia ya hariri mkononi, akalia getini mpaka wanawake wakamshika. Siku ya Pasaka alikuwa amekuja kuomba nyumba hii aigeuze mahali pa kuitia mizimu pamoja na wenzake wa London, na Kezia alimsikia Bi Araminta akimjibu: si mimi nikiwa hai, labda nife. Leo hakuna aliyekumbuka hilo isipokuwa Kezia, naye alikuwa bandani, jicho kwenye ufa wa mbao.

"Alama hizi nimezisoma," Lucian aliwaambia watu kwa sauti ya upole. "Aliyezichora ameinywa pumzi ya bibi yake. Pumzi hiyo ikimwisha, atatafuta ndogo ndogo. Mna watoto hapa Copsey Tye?"

Haikuhitajika zaidi ya hapo. Mlango wa banda uling'olewa. Konstebo Gadd alisimama mbele yao, akapigwa kwa koleo la mhunzi, akaanguka. Kezia alikokotwa kwa nywele. Mtu alimpiga teke la tumbo, mwingine akampasua mdomo kwa kiatu cha mbao, na meno mawili yakabaki njiani kwenye vumbi. Walipofika bwawani walimfunga dole gumba la mkono wa kulia kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, na la kushoto kwa kulia, akawa kama kuku wa sokoni.

Sheria yao ilikuwa ya kale. Anayezama hana hatia, maji yamempokea. Anayeelea ni mchawi.

Walimrusha. Sketi zake zilijaa hewa, zikamwinua.

"Anaelea! Mwoneni, anaelea!"

"Msukumeni kwa miti!"

Nguzo ilimgonga bega, nyingine kisogo. Alimeza tope. Kila alipoibuka alitafuta kitu kimoja tu ukingoni, gauni la Tibby la bluu, na alipoliona moyo wake ulikufa. Lucian alikuwa ameushika mkono wa mtoto. Alikuwa akimpapasa nywele.

"Na huyu?" Mama Purkiss aliuliza.

"Damu ni ileile," Lucian akajibu. "Ila tumalize na mama kwanza."

Ndipo bastola ikalia.

Mtu mnene mwenye pua iliyovunjika zamani alikuwa akiteremka kilimani, tope hadi magotini, bastola juu, na konstebo Gadd akimfuata huku damu ikimtiririka shavuni.

"Mimi ni Hollick," alisema, akihema. "Atakayegusa nguzo tena nampiga ya goti. Wewe, mhunzi. Ingia umtoe."

"Mimi? Maji ya mchawi haya!"

"Goti la kushoto au la kulia?"

Mhunzi akaingia.

Kezia alitapika maji majanini. Tibby alichomoka, akamrukia shingoni. Tangu asubuhi mtoto hakuwa amesema neno. Hollick alimkata Kezia kamba kwa kisu chake, akachuchumaa.

"Bibie, una muda mfupi na mimi nina risasi tano, wao ni sitini. Nipe kitu. Ulisikia nini?"

"Funguo," Kezia alisema kwa mdomo uliovimba. "Kabla ya mapambazuko. Mtu alitoa funguo msumarini. Halafu ikagongwa ko, ko, ko. Bustanini."

Mhunzi, aliyekuwa bado analowa, aligeuka polepole. Hata inspekta aliielewa sauti hiyo, maana naye mama yake alifuga nyuki, na mwenye nyumba akifa, mizinga hubishiwa hodi.

"Twendeni bustanini," akasema. "Wote. Na wewe Bwana Fenn, tangulia."

Mizinga ya Bi Araminta ilipangwa kwenye ubao chini ya ukuta, mizinga ya majani yaliyosukwa kama vikapu vilivyofudikizwa. Kila mmoja ulifungwa utepe mweusi wa msiba.

"Utepe huu uliuona saa ngapi, Gadd?"

"Nilipofika asubuhi, bwana. Ulikuwa umelowa umande. Nikadhani Kezia kaufunga."

"Mtumishi hawaambii nyuki," Mama Purkiss alisema, kana kwamba ametukanwa. "Ni wa damu tu. Anagonga kwa ufunguo wa nyumba, anawaambia bibi yenu amekufa, na bwana wenu mpya ni mimi. Mgeni akisema, wanahama."

"Sawa," Hollick alisema. "Bwana Fenn, damu umebaki wewe." Alikwenda jikoni, akarudi na ufunguo, akamnyooshea. "Waambie."

Lucian alicheka. "Inspekta, mimi ni mtu wa London. Haya ni mambo ya mashambani."

"Basi hayatakudhuru. Gonga mara tatu."

"Waambie, Bwana Lucian!" watu walisema. "Tutakosa asali mwaka mzima! Waambie!"

Aliuchukua ufunguo. Kezia aliuona mkono ule ukiinuka hadi karibu na mzinga wa kwanza, ukashuka. Mtu huyu alilelewa katika nyumba hii. Alikuwa amekanyaga damu ya shangazi yake bila kusita, akachora nyota ambayo haiamini, lakini kuna jambo aliloambiwa na Bi Araminta akiwa mdogo kama Tibby, na kila mtoto wa Copsey Tye aliambiwa: nyuki wakisikia msiba mmoja mara ya pili, hutafuta maiti wa pili katika damu hiyohiyo.

"Gonga," alisema Hollick.

"Hawaambiwi mara mbili!" Lucian alipiga kelele.

Nyuki peke yao waliendelea kuvuma.

"Mara ya kwanza aliwaambia nani," Hollick akauliza taratibu, "alfajiri, wakati wewe ulikuwa bado hujapanda treni?"

Lucian aliutupa ufunguo. Kisu kilitoka kwenye mkono wa koti lake kabla bastola haijageuka, akamnyakua Tibby kwa shingo na kumbana kifuani. Ncha ilizama kidogo chini ya sikio la mtoto, na uzi mwembamba wa damu ukateremka kwenye gauni la bluu.

"Rudini nyuma! Nitamchinja kama—"

Hakumaliza. Kezia hakuwa na mikono ya kushikia kitu, vidole vilikuwa vimevimba kama soseji. Aliutumia mwili. Alijitupa kwenye ubao kwa bega lile lililogongwa na nguzo, na mizinga yote ikaanguka miguuni pa Lucian Fenn.

Nyuki walipanda kama moshi. Walimwingia Lucian machoni, masikioni, mdomoni alipoufungua kupiga kelele. Alipunga kisu ovyo, kikamchana Kezia mkono hadi mfupani, lakini mkono wake mwingine ulimwachia mtoto. Kezia alimlalia Tibby. Alisubiri kuchomwa. Nyuki walitembea juu ya nywele za mtoto, wakapanda shingoni pa mama, wakaruka. Hakuna aliyeuma. Hollick aliliona hilo, na hakuwahi kuliandika popote.

Lucian alikimbia bila kuona. Uso wake ulikuwa mweusi, unasogea. Alivunja uzio, akateremka mteremko, akaingia bwawani palepale penye kina. Watu sitini walisimama ukingoni, nguzo mikononi, na hakuna aliyenyoosha hata moja. Hollick alijirusha akiwa na viatu vyake. Alipomtoa, ulimi ulikuwa umevimba ukajaza kinywa chote, na moyo ulikuwa umesimama.

"Alizama," mhunzi alinong'ona, na hakujua atazame wapi. Kwa sheria yao, aliyezama hakuwa na hatia.

Mama Purkiss alirarua sketi yake ya ndani, akapiga magoti, akaufunga mkono wa Kezia bila kuthubutu kumtazama. "Nisamehe, bibie."

"Kaza," Kezia alisema. "Bado inavuja. Msamaha tutaongea nikipata meno."

Jioni, jua likiwa bado juu ya mashamba, mizinga ilikuwa imesimamishwa tena na nyuki walikuwa wanarejea mmoja mmoja. Kezia aliketi mlangoni, mkono kifuani, blanketi la inspekta mabegani. Tibby aliuokota ufunguo majanini. Aliufuta kwa gauni lake, akaenda hadi mzinga wa kwanza, akafungua utepe mweusi, akagonga mara tatu. Hollick alitaka kumzuia, Kezia akamshika mkono.

Mtoto aliinamisha uso karibu na majani.

"Nyuki," alisema, "mama yangu yuko hai."