Justa Alipokuwa Walimu Watano

Saa moja kasoro robo asubuhi, Grasiana alimmiminia binti yake Justa chai ya rangi, akampa kipande cha muhogo, akasimama mlangoni kumtazama akivuka reli kwenda kazini. Alivuka mmoja. Alipofika kwenye uwanja wa shule akawa watano, wakaachana bila kuagana, kila mmoja na darasa lake.

Hali hiyo ilianza mwaka wa sabini na saba, kila mtoto wa miaka saba alipotakiwa aende shule. Shule hiyo ya mjini Korogwe ikawa na watoto mia nne na kumi na wawili: Wazigua, Wasambaa, na wale wa makambi ya mkonge ambao babu zao walitoka kila pembe. Darasa la kwanza peke yake lilikuwa na watoto mia na arobaini. Walimu walikuwa wawili, Justa na mwalimu mkuu, Mzee Mhina. Mhina alichukua la sita na la saba. Matano yaliyobaki yakapata Justa mmoja mmoja.

Watu walizoea upesi. Hamisa, jirani yao, alimtania Grasiana sokoni: "Mama Justa, washenga wakija utawatolea Justa yupi?"

Grasiana alicheka, na moyoni alijivuna. Baba yake alikata mkonge hadi uzeeni bila kuweza kusoma jina lake kwenye kipande, ile kadi yake ya kazi. Leo mjukuu wa mzee huyo anafundisha nusu ya mji.

Lakini mama ni mama. Jioni alirudi Justa mmoja, na uchovu wa watu watano. Kila mwisho wa mwezi Grasiana alilazimika kumpunguzia gauni kiunoni.

Habari zikaja kwamba mkaguzi atafika kuangalia kama shule iongezewe walimu. Grasiana alikusudia kumweleza kila kitu. Ila kamati ya wazazi ilisema mgeni hapokewi na watu wawili tu kama vile shule imehamwa. Basi walimu wakapangwa mstari: Mhina, na Justa watano waliofunga vilemba vya kitenge kimoja alivyovishona Grasiana mwenyewe. Walipendeza. Mkaguzi akawatazama, akamgeukia yeye.

"Mama, hawa wote ni walimu wa hapa?"

"Ndiyo, baba," Grasiana alijibu. "Na hawa watano wote nimewazaa mimi."

Wazazi wenzangu, sifa ya mtoto huponyoka mdomoni kabla ya shida yake.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Shule ina walimu sita, inajitosheleza. Kwa hiyo Mzee Mhina anahamishiwa Handeni. Jumatatu Justa akawa saba.

Siku hizi Grasiana humsindikiza hadi shuleni, maana upepo wa pale relini umekwisha kumwinua mara mbili. Wazazi wanaokutana nao humwamkia, "Shikamoo, mama wa walimu." Huitika marahaba, kichwa juu, na mkono wa binti yake hauachii.