Wataalamu wa Miguu

Theodosia alikaa kizingitini, akakunja mguu mmoja, akaanza kujipaka samli. Alianzia kwenye vifundo akapanda taratibu mpaka mapajani, kwa kiganja kizima. Samli hiyo ilitoka Nyakahura kwa bintiye Francisca, aliyeolewa kwa watu wenye ng'ombe, na haikuwa ya kuchezea. Lakini mwanamke wa Kabuhanda haendi mbele za watu na miguu iliyopauka, iwe harusini, kanisani au kwa daktari. Miguu mikavu ni ya mtu asiye na kwao. Theodosia alikuwa na kwao, na ndani alikuwa na mumewe, mzee Alfonce, aliyelazwa kitandani na kiharusi, ambaye hata maji ya kunywa anasubiri kuletewa.

Na maji yenyewe yako bondeni. Tangu Theodosia ateleze na dumu kichwani wakati wa masika, paja la kushoto halina nguvu. Anatembea vizuri, halafu ghafla goti linakatika kama si la kwake. Zahanati wana dawa moja, panadol, na ushauri mmoja: nenda hospitali kubwa ukaonwe na mtaalamu wa viungo. Uende na nini? Mafuta yakipanda nauli ya bodaboda inapanda, mafuta yakishuka nauli inabaki palepale. Na ukifika huko bila barua ya rufaa wanakurudisha getini. Mwenye kuandika hiyo barua, kila ukimuulizia, yuko semina.

Kwa hiyo siku Pancras, mtendaji wa kijiji, aliposimama nje ya kanisa na kipaza sauti akatangaza kwamba wataalamu wa miguu wanakuja kupima akina mama wazee bure, Theodosia alihisi tangazo lile limeandikwa jina lake. Kila siku matangazo ya Pancras ni michango na faini. Leo, mguu! Alimwambia Alfonce kwamba safari hii atarudi na dawa. Alfonce alicheka kwa upande ule wa mdomo unaoweza kucheka.

Alimwachia maji yaliyobaki, kikombe kimoja, akachukua fimbo na kidumu. Chemchemi iko chini ya zahanati, na hakuna mwanamke anayepita karibu na maji mikono mitupu.

Zahanati ilikuwa imegeuka. Kliniki ya watoto iliahirishwa, akina mama wenye vichanga walikuwa wanarudi njiani wakilaani kimoyomoyo, na kwenye korido ndefu palitandikwa mkeka wa plastiki wa buluu. Kulikuwa na meza, kompyuta, na sanduku la vidude vidogo vyeusi vyenye taa. Mkuu wa msafara aliitwa Aristides, kijana wa chuo, shati limenyooshwa. Alikuwa na msaidizi, dada aliyeitwa Happy, ambaye angalau alizunguka kwa kila bibi akasema shikamoo.

Kabla hawajaitikia vizuri, Aristides akaanza kuchagua. Wenye fimbo warudi nyumbani. Aliyesema ana maumivu arudi nyumbani. Bernadetha, jirani yake Theodosia, alitoka kwao alfajiri akijikokota, naye akaambiwa asante kwa kuja. Aliuliza kosa lake ni nini. Akajibiwa kwamba wanataka miguu mizima tu.

Basi nani aliwahi kusikia jambo kama hilo? Fundi wa baiskeli anayetaka baiskeli nzima tu! Bernadetha alitema mate pembeni, akaondoka bila kuaga mtu. Theodosia, aliyekuwa bado nje ya uzio, alifikiri haraka. Akaichomeka fimbo yake kwenye ua wa minyaa, akanyoosha mgongo, akaingia. Cha muhimu ni kufika mbele ya wataalamu. Akishafika, atawaonyesha mguu. Watu wazima waliosoma hawawezi kuuona halafu wakaugeuzia kisogo.

Walipigishwa dole gumba kwenye karatasi, kisha wakaambiwa wapandishe vitenge. Mlango ulikuwa wazi na Pancras ameegemea pale pale, mikono mfukoni, anaangalia mapaja ya mama zake. Mama mmoja aliomba mlango ufungwe. Aristides alisema watakosa mwanga.

Ndipo mambo yakaharibika. Kidude cha kwanza kilibandikwa kwenye paja la bibi wa kwanza, kikateleza mpaka gotini. Cha pili kikaanguka sakafuni. Aristides alipitisha kidole kwenye ngozi, akakinusa, akakunja uso. Akamwendea wa pili, wa tatu. Wote walikuwa wanang'aa. Hakuna aliyekuja na mguu mkavu.

Aliuliza nani aliwaambia wajipake mafuta. Wakaangaliana. Ni swali gani hilo? Ni sawa na kuuliza nani aliwaambia wavae nguo. Walikuwa wamempa heshima yao yote, samli ya sikukuu, naye anaifuta kwa karatasi ya chooni huku anahema kwa hasira. Pancras akadakia kutoka mlangoni, akasema hawa ndio watu anaohangaika nao kila siku, washamba watupu, wanamwaibisha mbele ya wageni. Aliyewatangazia watu asiwaambie waje vipi, huyo hakuaibika.

Waoshwe kwa sabuni, Aristides akaamua. Kwa maji yapi? Bomba la zahanati lilizinduliwa kwa utepe na makofi, likatoa maji mpaka magari ya wageni yalipoondoka. Pancras hakuona tatizo. Aliona vidumu vimepangwa ukutani.

"Akina mama, maji si mnajua yaliko? Teremkeni fasta, wageni wana ratiba."

Wakateremka. Wanawake wazima, wajukuu wamejaa kata nzima, wanatumwa bondeni kuteka maji ya kufutia heshima yao wenyewe. Theodosia alishuka bila fimbo, kwa sababu fimbo ingemtoa kundini. Alishika majani, alishika mabega ya wenzake, mahali pengine alikaa chini akajisukuma kwa makalio kama mtoto. Kupanda ndiko kulikomuua. Kidumu kichwani, jasho machoni, paja linatetemeka lenyewe. Mara mbili goti lilikatika, mara mbili alidaka mgomba. Kwenye korido, Aristides alikuwa anakunywa soda na kuangalia saa. Alikuja kupima jinsi wanawake wazee wanavyotembea, na wakati wanawake wazee wanatembea, mashine yake ilikuwa imezimwa kutunza chaji.

Maji ya Theodosia yalikwisha yote. Waliosha miguu, wakafuta sakafu iliyopata utelezi, yaliyobaki Pancras akanawia mikono.

Zamu yake ilipofika, Happy alimkwangua vinyweleo kwa wembe, akampangusa kwa spiriti, akambandika vidude mbele ya paja, nyuma ya paja, ugokoni na kwenye shavu la mguu, kulia na kushoto. Akamweleza kwa upole kwamba vinasikiliza misuli inavyofanya kazi mtu akitembea. Theodosia alipenda neno hilo. Tangu masika hakuna aliyeusikiliza mguu wake.

Akatembea kwenye mkeka. Kwenye kompyuta mistari ilipanda na kushuka kila alipokanyaga. Aristides alisogeza kichwa. Akamwambia arudie. Akarudia. Akamwita Happy, akamwonyesha kwa kalamu.

"Ona paja la kushoto. Halivuti kabisa. Huu mguu ni mgonjwa."

Theodosia alisimama katikati ya mkeka, machozi yakamlengalenga. Ameuona! Mtu ameuona bila kuambiwa! Alisahau uchovu, alisahau matusi, alitaka hata kumwombea kijana wa watu. Akamwambia ndiyo, mwanangu, ndio huo huo, ulianza nilipoanguka na maji, sasa unanipa dawa gani?

Aristides alikuwa ameshageukia kompyuta. Alisema hapa hawatibu, wanapima kwa utafiti wa chuo. Halafu, kwa Happy, bila kushusha sauti, akasema amtoe huyu, ataharibu wastani, na kwamba inakera bibi mzima kuficha ugonjwa wakati waliulizwa vizuri.

Theodosia aliuliza, kwa Kiswahili chake cha shule ya zamani, neno moja baada ya jingine, kama ataandikiwa basi hicho alichokiona, mstari mmoja tu, ili kule hospitali kubwa wasimrudishe getini. Aristides alisema yeye si daktari wa hapa, hana kibali cha kuandika rufaa. Alisema hilo kwa uchungu kidogo, kama mtu anayeonewa. Pancras akaja na kipande cha sabuni, akamwekea mkononi, akamwambia ashukuru apishe wengine.

Happy alipiga magoti aanze kubandua. Alisema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, bibi."

Theodosia alimshika mkono, akauondoa taratibu kwenye paja lake. Aliiweka sabuni mezani, juu ya karatasi za Aristides. Alishusha kitenge, vidude vikiwa vimebaki chini yake, akachukua kidumu chake kitupu, akatoka. Hakuna aliyeelewa kwamba anaondoka navyo mpaka alipofika kwenye ua wa minyaa akaichomoa fimbo yake.

Aristides alitoka mbio akipiga kelele bibi, bibi, vifaa hivyo ni vya chuo, ni vya gharama. Pancras naye, akitaja polisi. Wanawake walisimama mlangoni na hakuna aliyesogea kupisha njia, ikabidi wanaume hao wapenye kwa shida. Theodosia alikuwa ameshaanza kushuka, fimbo mbele, kitenge amekikusanya mkono mmoja, taa ndogo za kijani zikimetameta miguuni.

"Si mlitaka kujua ninavyotembea?" alisema bila kugeuka. "Huku ndiko ninakotembea. Njooni mpime."

Pancras alisimama juu, akibaki na kidole hewani. Aristides alishuka kidogo, viatu vyake vikateleza, akashika mgomba. Happy akaita kutoka koridoni kwamba mistari imepotea, mashine haipati kitu tena.

Na ni pale hasa, kwenye udongo mwekundu uliolowa maji yaliyomwagika vidumuni walipopanda asubuhi, goti la kushoto lilipokatika. Theodosia alienda chini mzimamzima. Kidumu kilibiringika mpaka kwenye jiwe. Alikaa pale amekamata fimbo, anahema, tope limempaka pale palipokuwa na samli. Kisha akainua uso, akamtazama Aristides aliyesimama hatua chache juu yake amekumbatia mgomba.

"Mashine haioni," alimwambia. "Wewe una macho. Umeona?"

Aristides alishusha macho kwenye viatu vyake. Theodosia alijiinua kwa fimbo, akaokota kidumu, akaendelea kushuka. Alfonce alikuwa ameachiwa kikombe kimoja tangu asubuhi.