Pacha wa Mnara wa Saa

Kinyozi alijipalia makaa mwenyewe. Siku ya kwanza kuonana na mama wa mchumba wake, mdomo ulimponyoka akasema yeye ni mzaliwa wa mji huu mkongwe, anaujua nje ndani. Kumbe alihamia juzijuzi tu, na alichokijua ni chumba chake, kibanda chake cha kunyolea, na uchochoro ulio katikati.

Sasa mama alikuwa ametoa neno: binti haolewi mpaka yeye amjue vizuri huyo mwanamume. "Nitembeze mjini," alimwagiza. "Mimi na wewe tu."

Kinyozi akachagua basi la manispaa, ili majengo yapite upesi kuliko maswali. Akakaa kaligeuzia dirisha mgongo, macho yote usoni pa mama mkwe mtarajiwa, akipima kama ameridhika.

"Ule mnara wa saa je, mwanangu?"

"Ule! Tajiri mmoja aliujenga kwa uchungu wa kufiwa na mkewe."

"Maskini. Na yule wa sanamu, aliyepanda farasi?"

"Jemadari. Aliiteka ngome peke yake."

Abiria wa nyuma akakohoa. Kinyozi hakujali, uongo ulishamkolea. Lango la mawe akalitungia mzimu. Chemchemi akaipa binti mfalme aliyelia hadi ikajaa.

"Kuna mnara mwingine wa saa?" mama aliuliza baada ya muda.

Hakugeuka hata kuutazama. "Huo ni pacha wake. Yule mke aliujenga kwa uchungu wa kufiwa na mumewe."

"Si mke ndiye aliyetangulia kufa?"

"Ndiyo maana ulichelewa kuisha, mama."

"Aa. Na mpanda farasi huyu?"

"Mdogo wake jemadari."

"Wamefanana. Hata huyu naye, njiwa wamemjengea kiota kofiani."

"Ni ukoo wa watu wapole."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kupanda basi la mzunguko. Mnara ulipotokea mara ya tatu, mama aliuonyesha kwa kidevu tu.

"Huo ni wa watoto wao," kinyozi alisema, jasho likimtiririka. "Mayatima."

Basi zima likaangua kicheko. Kondakta akaja kajishika mbavu. "Kaka, gari hili linazunguka. Mnara ni huohuo mmoja. Mnashuka wapi?"

Hapo kinyozi akageuka, akatazama nje kwa mara ya kwanza. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kiti chake. Harusi aliiona inamponyoka hivihivi.

"Nisamehe, mama. Hata mtaa huu siujui. Nilitaka unipende tu."

Mama alikuwa akijifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa mtandio.

"Marehemu baba yake binti yangu alikuwa mwongo hodari," alisema. "Alikuwa na mke mwingine mtaa wa pili tu, nami sikujua kitu mpaka siku ya maziko. Wewe uongo wako haumalizi hata safari moja ya basi. Binti yangu utamficha nini?"

Akasimama, akabonyeza kengele.

"Nimeridhia. Haya, tushuke tukawape pole hao mayatima."