Foleni ya Daftari la Maktaba

Bwana Afisa wa manispaa aliingia maktaba na kufuli jipya, bado limo kwenye kiboksi chake. Hakusalimia mtu. Alifungua daftari la mkutubi, akapitisha kidole, akatangaza: "Mwezi mzima wasomaji kumi na mmoja! Leo hii tunafunga, chumba kinageuzwa ghala."

Kumi na mmoja! Na macho anayo, na mabenchi yamejaa watu hadi dirishani. Kosa lilikuwa la mkutubi, mzee wa watu, mpole kupita kiasi. Miaka yote aliandikisha wanaoazima vitabu kwenda navyo nyumbani tu. Wanaosoma palepale aliwaona wageni wake, na mgeni unampa kiti, humwandikishi.

"Na hawa je?" aliuliza mkutubi, akiwaonyesha waliojaa mabenchini.

"Hawamo kwenye daftari. Kwangu mimi hawapo."

Kwenye benchi la nyuma, Mama Cherehani, fundi wa nguo wa mtaa ule, alihisi damu inamchemka. Miaka ishirini aliwashonea watu hawa bila kujua a wala be. Vipimo vyao alivishika kichwani, huku akijifanya anaandika. Mwaka huu mkutubi alikuwa akimfundisha kusoma, kila mchana, kitabu cha watoto kimefichwa ndani ya gazeti. Maktaba ikifungwa, ndiyo basi tena. Na akisimama kujiandikisha, wateja wake wote wataijua siri yake.

Akasimama.

"Lete hiyo kalamu, baba. Na mimi niandike," alimwambia mkutubi.

Herufi ya kwanza ilichukua muda. Ya pili ikaenda upande. Wateja wakatazamana. Aibu ilimwaka usoni, naye akaiacha iwake.

"Mama, weka dole gumba tu yaishe," alisema afisa. "Utatulaza hapa."

"Dole gumba nimeliweka maisha yangu yote, mwanangu. Limechoka. Leo naandika jina langu, na utalisubiri."

Mtu akacheka. Benchi likasogezwa, kisha lingine. Kinyozi akaja kusimama nyuma yake, akafuata mkewe, wakafuata wanafunzi, hadi foleni ikatoka mlangoni na kushuka ngazi.

"Jamani, mimi kazi yangu mwisho saa kumi," alisema afisa, sauti imemshuka.

Mama Cherehani hakuinua kichwa.

"Tafuta benchi ukae. Bado sijaandika la baba yangu."