Kuku wa Msamaha

Clotilde alimkamata kuku kabla jua halijapanda, akamfunga miguu kwa uzi wa gunia, akamlaza ndani ya kikapu. Hakuwa kuku wa kupika. Mume wake Balagizi angehukumiwa asubuhi hiyo kwa shtaka la kupiga mtu, na hukumu yoyote itakayotoka, kuku angekwenda kwa Hitimana, yule mtoza ushuru wa soko la Birere aliyepasuka kisogo. Damu ikimwagika, hata kwa bahati mbaya, unapeleka mnyama na neno laini. Hivyo ndivyo watu wanavyobaki majirani.

Ukumbi wa mahakama ulikuwa na joto la usingizi. Ukungu wa ziwa ulipita dirishani ukiwa na vumbi jeusi la volkano, na sauti za watu zilimfikia Clotilde kama zinatoka chini ya maji. Kuku alipumua taratibu miguuni pake. Clotilde mwenyewe alikuwa hajala tangu jana.

Aliiona tena siku ile. Hitimana, akidai ushuru, anavuta chukudu, gari la mbao ambalo Balagizi hubebea mizigo. Balagizi anavuta upande wake. Kamba inakatika, na Hitimana anakwenda kinyumenyume, polepole kama jani, mpaka kwenye jiwe la lava.

"Mama Henriette," alisema procureur, yule mwendesha mashtaka, "weye ni jirani yao. Huyu papa alishapigaka mutu mbele ya siku ile?"

Henriette alikuwa amevaa kitenge cha misa. Alikuja kusaidia, na alitabasamu.

"Balagizi ni mutu muzuri, papa. Zamani kulikuwa fujo kwetu, mutu akavunjwa meno. Balagizi alileta mbuzi, akapiga magoti. Akasema, mukono wangu ulikosea, munisamehe. Batu bote balilia."

"Mukono wangu," procureur alirudia taratibu, akiandika.

Clotilde alihisi kuku ametulia ghafla.

"Juge," Balagizi alimwambia hakimu, "zamani ile ni mudogo wangu Munguakonkwa njo alipiga. Kwetu, mukubwa njo anaomba musamaha. Siwezi kusema mukono wa mudogo. Nyumba iko na mukono moja."

"Na huyo mudogo iko wapi?"

"Alienda kuvua samaki, Vitshumbi."

"Hapa kila mushitakiwa iko na mudogo ku Vitshumbi," alisema procureur. Ukumbi ukacheka.

Henriette aliinuka. "Papa, ni kweli! Mimi sikusema kama ni yeye njo..."

"Umekwisha kusema, mama. Kaa."

Hakuna aliyeiona ngumi. Wachuuzi walisema kamba ilikatika. Lakini hakimu, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, alisema mkono uliozoea kupiga haufundishwi. Miezi sita gerezani. Balagizi alitolewa kwa mlango wa nyuma, akigeuza shingo kumtafuta mke wake, na ukungu ukajifunga nyuma yake.

Nje, Hitimana alisimama getini na bandeji yake. Hakuwa na uso wa mshindi. Macho yake yalikwenda kwenye kikapu.

"Mama Clotilde, tumalize. Neno moja tu, na moyo yangu itapoa."

"Umupatie, mwanangu," Henriette alisema huku akilia. "Njo desturi."

Clotilde aliinua kikapu hadi kifuani. Kuku alikuwa na joto kama mtoto mwenye homa.

"Papa Hitimana, sina baya na weye. Kichwa yako ipone. Lakini siku ingine tukikosana, wataniuliza: kama hamukupiga, kuku ilikuwa ya nini?"

Hitimana alinyoosha mikono kuelekea kikapu. Henriette alitazama chini, kwenye vumbi.

"Wale ndani ndio wamekula musamaha wetu," Clotilde alisema. "Uende ukawaombe wao."

Alishika njia ya nyumbani. Alipofika konani aligeuka. Hitimana alikuwa bado getini, mikono yake imenyooshwa kidogo mbele, kama mtu anayengoja kupokezwa mtoto mchanga.