Bahari Ukumbini

Jumatatu saa nne asubuhi, Bi Mwanamkasi, mkulima wa mwani, alifika kwenye lango la hoteli pale Matemwe na gunia lake begani, akakuta njia ya pwani imefungwa. Meneja Tahir aliifunga ili wakulima wa mwani wasipige kelele wakati okestra kutoka Mji Mkongwe ikifanya mazoezi. Ilikuwa ikijifunza muziki wa bahari, uliotungwa na mgeni aliyelala chumba nambari saba kwa wiki mbili.

Ndani, fidla zilipoanza sehemu ya pili, bahari iliingia ukumbini. Iliingia kwa mlango wa nyuma, ikapanda mpaka magotini, ikatulia. Wapigaji wakakunja suruali. Kondakta alisema fidla za kushoto zimechelewa kidogo. Huko pwani pakabaki mchanga mkavu.

Wanu, binti wa Bi Mwanamkasi, alipiga fidla safu ya mbele. Aliona vigingi vya mashamba ya mwani vimesimama baina ya viti, na kamba za mwani zikimgusa miguu. Za mama yake alizijua kwa vipande vya kanga nyekundu alivyozifungia. Mwani ulikuwa umekomaa. Usipovunwa bamvua hili, siku hizi za maji kupwa sana, utakatika na kuoza.

Wakati wa mapumziko alitoka, akamfuata mama yake langoni.

"Shamba lako limo ndani, mama. Chini ya viti vya wageni wa heshima."

"Basi nnaingia."

Mlinzi Jaku, mtoto wa kaka yake Bi Mwanamkasi, akasimama mbele yao.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nipishe."

"Una kadi ya mwaliko?"

"Wewe Jaku nimekuogesha kwa mikono hii, leo unaniuliza kadi?"

"Sijasahau, shangazi. Lakini hata bahari yenyewe imepitia mlango wa nyuma." Hakumpisha.

Onyesho lilikuwa Jumamosi saa kumi alasiri. Wageni walipewa viatu vya mpira, wakakanyaga mwani kutafuta viti vyao. Katika sehemu ya polepole maji yakapwa. Wanu aliweka fidla juu ya kiti, akapiga magoti, akaanza kufungua mwani wa mama yake na kuujaza ndani ya kasha la fidla. Wageni walidhani ni sehemu ya muziki. Wakapiga makofi.

Tahir alimsubiri mlangoni, akachukua kasha.

"Kinachotoka ukumbini ni mali ya hoteli."

"Ni cha mama yangu. Kakipanda yeye."

"Mama yako hakuwamo ukumbini."

Bahari haikurudi pwani. Jumapili wanawake saba wakulima wa mwani, Bi Mwanamkasi miongoni mwao, walikwenda kudai njia yao. Meneja aliwajibu kwa barua ya adabu, iliyobandikwa langoni: kwa kuwa pwani hakuna bahari tena, njia ya kwenda pwani haina haja ya kufunguliwa.

Bi Mwanamkasi aliisoma mara mbili. Ndani, mwani wake ulikuwa umeanza kunuka, na wahudumu walikuwa wakifukiza udi.