Mji Ambao Watu Walichoka Kufa

Mimi si mtu wa ndoto. Nikilala nazama, nikiamka nimesahau, na ndivyo ninavyopenda. Hii moja tu imekataa kuondoka, kwa hiyo nawasimulieni kama ilivyonijia, siku niliyochoka kuliko siku zote za maisha yangu.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu katika banda la video la Mzee Kitundu, hapa Singida mjini. Nakaa pembeni ya televisheni, maiki mkononi, watu wamejaa kwenye mabenchi, na kila kinachosemwa kwenye kioo nakisema kwa Kiswahili, kwa sauti za wote, wanaume kwa wanawake. Jumamosi ni zamu ya vipindi vya zamani vya makauboi, na humo kila mtu nimempa jina la kwetu: mkuu wa polisi mwenye nyota ya bati kifuani ni Afande Mabula, na mdogo wake aliyegeuka jambazi ni Chogo. Zamani nilikuwa natafsiri tu. Tangu mke wangu Sinda afariki, mwaka na miezi sasa, siwezi kuvumilia kioo kikinyamaza. Wakinyamaza wao, naongea mimi: natia utani, namsengenya farasi, namchokoza mteja anayesinzia. Na penye ukimya mrefu nashika rimoti, napeleka mbele mpaka kwenye bunduki. Jumamosi ile Afande Mabula alikuwa aende kumkabili Chogo, ndugu yake wa ziwa moja. Kabla hajaenda anakaa kwenye ngazi ya nyumba yake, anavua buti, anakung'uta mchanga, anavaa tena, dakika nne nzima hasemi neno. Nikazirusha zote nne. Risasi ikalia, Chogo akaanguka, na banda zima likapoa. Bi Nyamizi, muuza dagaa ambaye hajakosa Jumamosi hata moja, akasimama akajifunga kanga yake vizuri. "Mwanangu Msengi," akasema, "umeniulia mtu kabla sijamjua." Akatoka, na wengine wakamfuata. Mzee Kitundu hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kesho saa kumi utakirudia kipindi hiki hiki," aliniambia. "Wakitoka tena, mdogo wangu, maiki nitampa mwingine." Nikajilaza kwenye benchi la nyuma, jua likiunguza bati juu yangu, nikasema acha nifumbe macho kidogo.

Nikajikuta nimesimama katika mji wa mbao wenye barabara moja, vumbi limenifika kwenye vifundo vya miguu. Nyumba zilikuwa na uso tu; nyuma hapakuwa na kitu ila miti ya kuziegemeza. Kila dirisha lilikuwa na jicho moja nyuma ya pazia, nikaambiwa hao ni ukoo wa Woga, ndio wenyeji. Aliyeniambia alikuwa jitu nene, bunduki nne kiunoni, lisilojua kusema taratibu. "Mimi ni Kishindo!" likanguruma. "Na huyu juu ya farasi ni mke wangu, Papara. Karibu, shemeji! Sisi ndio tunaokulisha!" Papara hakunisalimu, alikuwa keshafika mwisho wa barabara na anarudi. Kishindo likafyatua, watu kumi wakaanguka. Wakainuka, wakajipangusa, likafyatua tena, wakaanguka tena. Nilicheka mara ya kwanza, mara ya pili nikacheka kwa adabu, na mara ya saba nilitamani kukaa chini. Mmoja wa wale wafu akajiegemeza kwa kiwiko akaniangalia. Hakuwa na uso, pale pa uso palikuwa laini kama yai.

"Dijei," akaniita, kama wateja wanavyoniita bandani, "tusaidie. Tumechoka kufa."

"Nyie ni akina nani?"

"Utujulie wapi? Unatuleta tukiwa tunaanguka tayari. Tunaanguka, watu wanapiga makofi, wakifika mlangoni wameshatusahau. Mimi nilikuwa na mama katika kipindi changu. Ulimrusha."

Nilitaka kumjibu kwa utani, ndiyo silaha yangu, lakini sikuupata. Nikaondoka pale nikiwa na aibu, na vumbi likawa zito hata kila hatua naivuta kwa mkono. Mwisho wa barabara nilimkuta mwanamke mnene kiasi, mikono imejaa masizi, akipigilia chuma kwenye kwato ya farasi. Alimaliza msumari wake kwanza, ndipo akaniambia jina lake ni Subira. Nikamweleza shida yangu, kwamba kesho saa kumi nisipojua kinachofanya kipindi kikumbukwe, nimekwisha.

"Umewahi kuwauliza wateja wako wanakumbuka nini?" akasema, akichagua msumari mwingine. "Kawaulize. Bunduki hawatakutajia. Watakutajia yule mjane aliyeirudia nyumba inayoungua achukue sufuria. Watakutajia yule aliyemnywesha farasi wake kwanza, na yeye ana kiu ya siku mbili. Kufa kila mtu anaweza, Msengi. Mtazamaji anataka aone mtu anaacha nini nyuma, na aone kwamba mwenyewe anajua. Hilo halina haraka, wala halina kelele. Nenda ukakae pale." Akanionyesha kwa nyundo.

Pale palikuwa na ngazi, na kwenye ngazi amekaa Afande Mabula wangu, ila huko jina lake lilikuwa Wajibu, na alikuwa mzee kuliko nilivyowahi kumwona kwenye kioo. Alikuwa na buti moja mkononi. Kando yake aliketi mtu mwembamba ambaye sikuweza kusema ni mwanamume au mwanamke, na nilipomkaribia, ngurumo za Kishindo zikafifia kabisa. Nikajua ni Kimya. Nikakaa upande wa pili. Wajibu akakung'uta mchanga. Nikaona kwamba mguu wake una kovu refu la jembe, na sijui nilijuaje, ila nilijua ni Chogo aliyemkata walipokuwa wadogo wakilima, na ni Chogo aliyembeba mgongoni mpaka nyumbani. Akavaa buti, akainuka, akaenda. Risasi ikalia mara moja tu, huko mbali. Nikahisi nimefiwa.

Basi ulimi ukaniwasha. Nilianza kusema, sijui hata nini, kitu kuhusu yale mabuti. Kimya akanigeukia, nami nikaacha. Nikamweleza yale ambayo sijamweleza mtu. Kwamba Sinda alilala wodini siku tatu, na siku zote tatu nilimchekesha. Niliwaigiza manesi, nilimwigiza Mzee Kitundu, nilimwigiza daktari anavyotembea. Kila alipofumbua mdomo nilimwahi na lingine, kwa sababu niliogopa atakachosema. Siku ya tatu hakuufumbua tena.

"Alitaka kuniambia nini?" nikamuuliza. "Wewe ndiye unayejua. Niambie."

Ndiyo mara pekee niliyoisikia sauti yake. Ilikuwa ya kawaida tu, na ya mtu aliyechoka kama mimi.

"Sijui, Msengi. Nilisimama mlangoni pa wodi siku zote tatu. Hukuniruhusu niingie."

Nikashtuka, jasho limenilowesha, benchi limenichora mbavu. Mzee Kitundu alikuwa anafagia maganda ya karanga. Nilikaa nikaelewa nilichokuwa nikikirusha kila Jumamosi. "Kaka," nikamwambia, "kesho, pale afande anapovua buti, nitazima maiki." Akaacha kufagia. "Utawaambia nini dakika zote hizo?" Nikafungua mdomo nimpe utani, na ulikuwepo, ulikuwa mzuri tu. Nikaufunga. Akaniangalia, akaegemeza fagio ukutani, akaja akakaa benchi moja na mimi. Hakuuliza tena. Tukakaa hivyo, wawili, wala hakuna aliyesema kitu, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike Sinda, nikalia.